Kichocheo na Mchochezi: Nani Atajibu kwa Ajili ya Plastiki?



Lugha yetu ina neno moja ambalo wakemia na mahakimu wanalitumia wote bila kuulizana. Neno hilo ni kuchochea. Asili yake ni jikoni. Mpishi husogeza kuni kwenye mafiga, hupekua makaa, moto ukapanda na chungu kikachemka. Kutoka jikoni neno likashika njia mbili. Njia ya kwanza ilikwenda mahakamani, ambako mchochezi ni yule aliyewatia watu hamasa ya kufanya fujo. Yeye hakurusha jiwe wala hakuvunja duka la mtu, lakini sheria humkamata pamoja na waliorusha. Njia ya pili ilikwenda maabara, ambako kichocheo ni kitu kinachoharakisha vitu vingine kugeuka, kisha chenyewe kikatoka kama kilivyoingia. Mahakamani anayechochea ana hatia. Maabara kinachochochea hakina hatia wala lawama.

Mimi ni mhandisi wa kemikali, na sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi nimeipitisha karibu na mitambo ya plastiki. Siku hizi haipiti miezi mingi bila kusoma habari za kichocheo kipya cha metali, cha chuma, cha zinki, cha tangsteni, kinachosifiwa kwamba ndicho kitakachotuokoa na uchafu wa plastiki. Habari hizo ni njema na nyingine ni za kweli. Lakini kabla hatujashangilia, naona inafaa tukague hesabu ya vichocheo vilivyotangulia, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo si la kikemia hata kidogo: mtu anayewezesha jambo lianze, naye asiuguse mwisho wake kwa mkono wake, ana fungu gani katika mwisho huo?

Tuanze na historia, maana wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza hatujui kwamba polithini, plastiki inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, ilizaliwa katika nchi hii. Mwaka 1933, katika kiwanda cha kampuni ya ICI huko Winnington, jimbo la Cheshire, wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu kuibana gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa mno, zaidi ya mara elfu moja ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Walipofungua chombo walikuta kitu cheupe kama nta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kitu hicho kilitumika kufunika nyaya za rada. Kilikuwa kitu adimu na ghali, kwa sababu kuitengeneza kulihitaji vyombo vizito vya chuma ambavyo vikipasuka vinaua.

Mambo yalibadilika miaka ya 1950, na kilichoyabadilisha ni metali. Mwaka 1951, huko Bartlesville, Oklahoma, wakemia wawili wa kampuni ya Phillips, Paul Hogan na Robert Banks, waligundua kwamba kromi inaweza kufanya kazi hiyo bila mgandamizo wa kutisha. Mwaka 1953, katika mji wa Mülheim nchini Ujerumani, Profesa Karl Ziegler na wenzake waliona jambo la ajabu katika majaribio yao, wakalifuatilia mpaka wakajua kwamba chanzo chake ni mabaki kidogo ya nikeli ndani ya chombo. Basi wakaanza kujaribu metali moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye titani, pamoja na kemikali ya alumini, ethilini iligeuka polithini kwa mgandamizo wa kawaida, ndani ya chupa ya kioo ya kuhifadhia matunda. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Milano alitumia vichocheo vya aina hiyo kutengeneza polipropilini. Mwaka 1963 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Metali hiyo inafanya nini hasa? Anayemjua msusi wa mikeka ataelewa upesi. Msusi huanza na kuti moja la ukindu, akaongeza la pili, la tatu, na ukili ukarefuka kutoka kwenye vidole vyake. Kila kuti jipya huingia pale pale vidoleni, na ukili uliokwisha kusukwa husukumwa mbele. Atomi ya titani ndiyo vidole. Molekuli ya ethilini hufika, ikapachikwa kati ya metali na mnyororo uliokwisha kuota, kisha nyingine, kisha nyingine, maelfu kwa maelfu. Na kwa kuwa vidole ni vya fundi, mnyororo hutoka umenyooka. Ile polithini ya Cheshire ilikuwa na matawi matawi kama mwiba, haikuweza kulala pamoja vizuri. Hii ya metali minyororo yake hulala sambamba, na plastiki yake huwa ngumu zaidi na imara zaidi hata ikiwa nyembamba sana. Shikeni neno hilo, wembamba, maana tutalirudia.

Sasa, kabla ya kuhukumu, haki inatutaka tuseme mema kwanza.

Kila mmoja wetu anaijua ile pipa ya bluu. Tunainunua, tunaijaza nguo, viatu, sabuni, madaftari ya watoto, tunaifunga na kuipeleka melini kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Pipa lile ni polithini iliyosukwa kwa metali. Likifika na kufunguliwa, halitupwi. Litasimama uani likihifadhi maji, au litatiwa mchele, na miaka ishirini baadaye litakuwa bado lipo, limepauka kwa jua, likigombewa katika mirathi. Dumu la lita ishirini ambalo mama na mabinti hujitwika kutoka bombani ni polithini hiyo hiyo, na limechukua nafasi ya mtungi ambao kwa uzito wake tu ulikuwa mzigo kabla haujatiwa maji. Mabomba ya maji ya bei nafuu, bomba la sindano linalotumika mara moja likawaepusha wagonjwa na maradhi ya mwenzao, viti vya plastiki vya arusini, vyote ni watoto wa vichocheo vile. Na huko Arusha, tangu mwaka 2003, kiwanda cha A to Z kimekuwa kikifuma vyandarua vya Olyset, ambavyo uzi wake ni polithini yenye dawa ya mbu ndani yake, inayojitokeza kidogo kidogo kwa miaka. Kuna watu wazima leo ambao waliuvuka utoto wao chini ya vyandarua hivyo. Mwenye kuilaani plastiki yote kwa pamoja, na amtazame mmoja wao usoni wakati akiilaani.

Lakini mikono ile ile iliyosuka pipa na chandarua ndiyo iliyosuka mfuko wa rambo. Mfuko ule ulibuniwa na Mswidi, Sten Gustaf Thulin, wa kampuni ya Celloplast, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake aliuona kuwa njia ya kuokoa miti iliyokuwa ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mfuko uliokunjwa mfukoni, akiutumia tena na tena. Mfuko huo usingewezekana bila polithini ngumu ya metali, ile iliyo nyembamba hata inachakarisha ukiishika. Haufiki gramu kumi, nao hubeba kilo kadhaa. Kwa mhandisi ni kazi ya kusifiwa. Na kwa sababu ni mwembamba ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi hauna thamani, na kisicho na thamani hutupwa. Matokeo tunayajua sote: mitaro iliyoziba mvua zikinyesha, mbuzi na ng'ombe waliokufa na matumbo yaliyojaa nailoni, kasa aliyedhani amemeza kiwavi cha baharini. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na Oman ikaanza mwaka 2021.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Roland Geyer na wenzake ulifanya hesabu ya plastiki yote iliyopata kutengenezwa tangu mwanzo mpaka mwaka 2015. Walipata tani bilioni 8.3. Katika hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Katika kila mia ya taka hizo, 9 zilirejelezwa, 12 zilichomwa, na 79 zilikuwa majalalani au zimesambaa ardhini na baharini. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wazee. Nao walisema hivyo kuhusu maji, ambayo angalau jua huyakausha.

Katika kikao kimoja cha jumuiya yetu, kijana wa rafiki yangu aliyekuwa akisomea kemia aliniuliza swali mbele za watu. "Mjomba," alisema, "nyinyi wahandisi mlipotengeneza kitu kisichooza, hamkujua kwamba hakitaoza?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Mwanangu, kutooza ndiyo sifa iliyouzwa." Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka, na naona alikuwa na haki ya kutocheka. Swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile. Nitajaribu kulitoa hapa.

Sisi watu wa fani hii tuna hoja tatu za kujitetea, nazo nimezisikia katika lugha mbalimbali.

Hoja ya kwanza ni kwamba hatukujua. Kwa Ziegler naikubali. Mwaka 1953 alikuwa akitafuta kuelewa jinsi metali inavyoungana na kaboni. Hakuna mtu mwenye haki atakayemdai mfuko uliomo tumboni mwa ng'ombe wa Kajiado. Lakini ujinga nao una tarehe yake ya kwisha. Mwaka 1972 jarida la Science lilichapisha taarifa ya Edward Carpenter na Kenneth Smith kuhusu chembe za plastiki zilizokuwa zikielea katika Bahari ya Sargasso. Tangu siku hiyo habari ilikuwa mezani kwa mwenye kutaka kuisoma. Sasa tazameni: kwa hesabu ya Geyer na wenzake, takriban nusu ya plastiki yote iliyotengenezwa mpaka mwaka 2015 ilitengenezwa katika miaka kumi na mitatu ya mwisho. Yaani nusu nzima ilitoka viwandani miaka thelathini na zaidi baada ya habari kujulikana. Kusema hatukujua ni utetezi wa babu, hauwezi kurithiwa na wajukuu.

Hoja ya pili ni kwamba mwenye kosa ni mtumiaji. Kisu hakina dhambi, dhambi ni ya mkono. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba pipa na mfuko ni kitu kimoja kikemia, na tofauti yao iko katika namna tunavyovithamini. Lakini mwenye kuamua kwamba kitu hiki kitatumika dakika ishirini na kile miaka ishirini si mtumiaji. Huyo ni mbunifu, pamoja na aliyemlipa. Mama aliyeko mahali ambapo gari la taka halijapata kufika anauziwa shampuu katika kipakiti cha plastiki, chenye tabaka za aina mbalimbali zilizogandishwa pamoja hata hakuna mtu duniani anayeweza kuzitenganisha kwa faida. Mama huyo akitupe wapi? Bidhaa iliyobuniwa kwa ajili ya mji wenye gari la taka bado haijakamilika inapouzwa kijijini kusiko na gari hilo. Kwa lugha ya kazi yangu, ni mtambo uliouzwa bila breki.

Wala tusidhani kwamba sisi wa huku, wenye mapipa ya rangi mbili na tatu mlangoni, tumeshamaliza wajibu wetu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya plastiki tuliyoiosha na kuipanga kwa uaminifu ilipakiwa melini kwenda China. China ilipofunga mlango mwaka 2018, meli ziligeuza pua kwenda Malaysia, Uturuki na kwingineko. Kumbe pipa la mlangoni lilikuwa kituo tu katika safari.

Hoja ya tatu ndiyo inayovaa joho la sayansi. Inasema hivi: kichocheo hakiumbi jambo jipya. Kinaharakisha tu jambo ambalo kwa maumbile lingeweza kutokea lenyewe. Nisipoliharakisha mimi, atakuja mwingine. Kikemia sentensi ya kwanza ni sahihi kabisa, imo katika kila kitabu cha mwaka wa kwanza. Kimaadili haitoshi, na hapa ndipo hakimu anapomshinda mkemia. Mchochezi naye husema maneno hayo hayo: hasira ilikuwapo tayari, mimi nilisema tu. Hakimu hamwachilii, kwa sababu kati ya hasira ya polepole na hasira ya ghafla kuna watu ambao wangepata muda wa kufunga duka na kuwaingiza watoto ndani. Mwendo wa jambo ni sehemu ya jambo lenyewe. Ukuta utakaoanguka baada ya miaka mia moja si sawa na ukuta utakaoanguka usiku huu. Ethilini iliyoachwa peke yake ingekaa karne nyingi bila kuwa polithini. Kwa titani inageuka kwa dakika chache. Aliyetoa zile karne hawezi kusema hakutoa kitu.

Tena kuna jambo moja ambalo watu wa nje ya fani hawaliambiwi mara nyingi. Ule usafi wa kichocheo, kwamba kinatoka kama kilivyoingia, katika plastiki hizi ni wa vitabuni. Katika miaka ya mwanzo viwanda vililazimika kuiosha polima kwa alkoholi ili kuondoa mabaki ya titani na klorini, kazi ya gharama. Baadaye vikapatikana vichocheo vyenye nguvu sana, vilivyowekwa juu ya chumvi ya magnesi, ambavyo gramu moja hutoa makumi ya kilo za plastiki. Mabaki yakawa madogo mno, pakaonekana hakuna haja ya kuyaosha. Kwa hiyo kichocheo hakitoki. Kinabaki humo humo, chembe chembe, katika kila mfuko, kila dumu, kila kiti. Chupa ya maji ya plastiki ya kawaida nayo kwa desturi hutengenezwa kwa msaada wa antimoni, na kiasi kidogo cha antimoni hiyo hubaki katika ukuta wa chupa, ndiyo maana wapo waliohamia kwenye titani. Sitaji haya kuwatisha watu. Viwango ni vidogo. Nayataja kwa sababu tulimchukua kichocheo awe mfano wa yule anayesababisha bila kuhusika, kumbe hata yeye yumo ndani ya alichokisababisha.

Sasa tugeukie vichocheo vipya. Miaka ya 1970, huko Hamburg, Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky waliona kwamba maji kidogo yaliyoingia katika kemikali ya alumini, badala ya kuharibu kazi, yaliipa nguvu kubwa. Wakapata vichocheo vya zirkoni ambavyo kila atomi yake husuka kwa namna moja. Mwaka 1995 Maurice Brookhart wa North Carolina alionyesha nikeli na paladi zikifanya kazi hiyo, na mwaka 1998 makundi mawili, moja Marekani na jingine London, yakaonyesha chuma na kobalti. Hao wote walikuwa bado wakitafuta kusuka vizuri zaidi.

Walio wapya zaidi wameanza kuuliza habari za kufumua. Polithini na polipropilini hazichanganyiki, ni kama maji na mafuta; zikiyeyushwa pamoja hutoa plastiki dhaifu, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kurejeleza kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Cornell na Minnesota walitumia kichocheo cha hafni kutengeneza mnyororo wenye vipande vya aina zote mbili, ambao ukitiwa sehemu moja tu katika mia, mchanganyiko hushikamana na kuwa imara. Mwaka 2024 kundi la John Hartwig huko Berkeley lilitangaza kwamba tangsteni na sodiamu, metali za bei nafuu, zinaweza kukata plastiki hizo mbili na kuzirudisha kuwa gesi za kutengenezea plastiki upya, kwa kiwango cha karibu sehemu tisa katika kumi. Wapo pia wanaotumia zinki na metali nyingine kuunganisha hewa ya ukaa iwe sehemu ya plastiki, kazi iliyoanzishwa Japani na Shohei Inoue mwaka 1969.

Nazipenda kazi hizi, na kama ningekuwa na umri wa yule kijana ningeomba kujiunga nazo. Lakini tusidanganyike. Mbinu ya Berkeley inahitaji kulishwa ethilini mpya ndipo ikate ile ya zamani. Plastiki ya mahindi, inayotengenezwa kwa kichocheo cha bati na kuuzwa kwa jina la kuoza, huoza vizuri katika mitambo yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiitupa baharini itakaa muda mrefu kama wenzake. Na juu ya yote, hakuna kichocheo chochote, hata kiwe cha dhahabu, kinachoweza kukata mfuko ambao haukuletwa kiwandani. Mfuko uliomo mtaroni unahitaji mtu wa kuinama na kuuokota, na mtu huyo anahitaji kulipwa.

Hatari ninayoiona ni hii: ahadi ya dawa inaweza kugeuka ruhusa ya kuendelea kuugua. Machi 2022, jijini Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yalikwenda mpaka Busan mwishoni mwa 2024, kisha Geneva Agosti 2025, na kote kuwili yalikwisha bila mkataba. Walichogombania si kidogo. Upande mmoja ulitaka mkataba uguse utengenezaji wenyewe. Upande mwingine ulitaka uishie kwenye kushughulikia taka. Ukiondoa lugha ya kidiplomasia, lilikuwa swali letu lile lile: je, anayechochea yumo katika kesi, au kesi ni ya waliorusha mawe peke yao?

Jibu langu ni kwamba yumo, ila fungu lake hupimwa kwa mambo matatu: alijua nini, alikuwa na uwezo gani wa kuchagua vingine, na alipata faida gani. Kwa vipimo hivyo Ziegler ana fungu dogo, na kampuni iliyouza kipakiti mwaka jana, ikijua kila kitu, ina fungu kubwa. Mama wa kipakiti ana fungu dogo sana. Mwanafalsafa wa Kijerumani Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 kuhusu wajibu, alihoji kwamba nguvu za teknolojia zinapofika mbali, wajibu nao lazima ufike mbali kama hizo nguvu, hata kwa watu ambao hawajazaliwa. Wazee wetu wa baharini walikwisha kusema kwa ufupi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unaweza kutembea chombo kizima, mwisho utarudi pale pale panapokusanyika maji.

Kutokana na hayo naona kuna sharti moja la kuwekwa kwa kila kichocheo kipya, na ningependa vijana wetu walioko vyuoni walichukue: usisuke usichokuwa na njia ya kukifumua, na kufumua huko kuwezekane pale kitu kinapouzwa, si pale kilipobuniwa tu. Kikemia si ndoto. Kichocheo hakichagui upande. Hufungua njia ya kwenda na ya kurudi pia, na kinachoamua mwelekeo ni joto, mgandamizo na namna minyororo ilivyoundwa tangu mwanzo. Neno la wakemia, katalisti, lilibuniwa na Msweden Berzelius mwaka 1835 kutokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni kulegeza, kufungua kilichofungwa. Kwa miaka sabini tumelitumia zaidi kufunga.

Nasi tusio na maabara tuna fungu letu, japo dogo. Mwaka huu mtakapofungasha pipa la nyumbani, tazameni kilichomo: vitu vingapi vitabaki na pipa, na vingapi ni makaratasi ya nailoni ambayo hapa tungeyatia katika pipa la kijani, na kule yatakwenda kuchomwa uani karibu na dirisha la watoto. Vueni vifungashio huku huku kabla ya kufunga mfuniko. Ni kazi ya nusu saa, na mzigo utapungua uzito.

Wenye rai tofauti, hasa wenzangu wa viwandani, karibuni tuendelee katika toleo lijalo.